Kikapu, Nyumba na Sala

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya upande wa Voi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

 

Nimeambiwa nizungumze juu ya maombi katika vikundi vyetu. Katibu akaniomba nisiwahubirie, maana mahubiri mnayasikia kila Jumapili. Haya, sitahubiri. Nitawapa habari za watunga mashairi watatu. Wote wamekufa zamani, na hakuna hata mmoja aliyefika hapa Taita. Mnivumilie, kwa sababu nina jambo langu mwenyewe la kuungama, na bila hao watatu nisingalijua namna ya kulisema.

Nianze na kitu kilicho mikononi mwenu. Tangu asubuhi naona akina mama wanasuka huku wakisikiliza, na ni vizuri, msiache. Mtoto ukimwuliza kikapu ni nini, atasema ni kitu cha kubebea. Lakini ninyi mnajua kwamba kikapu ni safari. Jani la mkonge linakatwa, linapasuliwa, linakwaruzwa mpaka nyuzi zibaki nyeupe. Zinaoshwa, zinaanikwa, zinasokotwa pajani mpaka ngozi inawasha. Zinatiwa rangi. Ndipo mtu anaanza kitako, na kitako kikianza vibaya, si mnajua, kikapu chote kitakaa upande.

Sasa kulikuwa na mchungaji mmoja jina lake Edward Taylor. Alizaliwa Uingereza karibu na mwaka 1642, akahamia Marekani mwaka 1668, akatumika miaka mingi katika kijiji cha Westfield, Massachusetts. Alikuwa mchungaji na tena mganga wa watu wake. Alikuwa wa wale Wakristo walioitwa Wapuritani, waliotaka kanisa lisafishwe, liondolewe mapambo na sanamu, ibada iwe ya Neno tu. Makanisa yao yalikuwa matupu kama ghala baada ya njaa. Mimi huona ajabu: watu waliotoa picha zote ukutani, mashairi yao yamejaa picha. Labda moyo wa mtu hauwezi kukaa bila picha, ukizifukuza mlangoni zitaingia kwa dirisha.

Taylor huyu alitunga shairi la kazi za nyumbani. Anamwomba Mungu amfanye gurudumu la kusokotea uzi. Haishii hapo, kama sisi tungaliishia. Anachukua gurudumu kipande kwa kipande: Neno la Mungu liwe kijiti kinachoshika pamba, hisia zake ziwe vile vinavyozungusha uzi, nafsi yake iwe kibiringo cha kuukusanyia. Uzi ukiisha kupatikana, anaomba awe kitanda cha mfumi, na uzi ule ufumwe juu yake. Nguo ikifumwa, ipelekwe kinuni ipondwe ili isafike na kukaza. Ikisha pondwa itiwe rangi. Ndipo avikwe nayo: akili yake, nia yake, dhamiri yake, kumbukumbu zake, maneno yake na matendo yake.

Mwaonaje? Huo ndio mfano mmoja unaovutwa mpaka mwisho. Sisi katika kuomba tunaanza, "Bwana, wewe ni mwamba," na kabla hatujakaa juu ya mwamba tumesharuka, "wewe ni mchungaji," mara "wewe ni ngao," mara "wewe ni taa." Dakika tatu tumepita vitu kumi, na hatukukaa na hata kimoja. Sisemi ni dhambi. Nasema Taylor alikaa na kimoja, na kwa kuwa alikaa, hakuweza kuiruka ile hatua ya kupondwa. Mtu anayeruka-ruka anachagua yaliyo matamu. Anayefuata kazi tangu mwanzo hadi mwisho anapita na pale panapouma.

Tena hakuyatunga ili asifiwe. Kwa zaidi ya miaka 40 aliandika mashairi ya kujitayarisha kwa Meza ya Bwana, yanapita 200, na karibu yote yakabaki katika maandishi ya mkono wake. Alikufa mwaka 1729. Maandishi hayo yalikaa katika maktaba ya chuo cha Yale, na shairi hili halikupigwa chapa mpaka miaka ya 1930. Miaka 200! Kama karatasi zile zingaliliwa na mchwa, leo tusingalijua.

Lakini aliyenishika mimi zaidi ni mama mmoja wa watu hao hao, Anne Bradstreet. Alizaliwa Uingereza mwaka 1612, akavuka bahari mwaka 1630 na mumewe na wazazi wake, akazaa watoto wanane huko ugenini. Usiku wa tarehe 10 Julai mwaka 1666 nyumba yao iliteketea. Akatunga shairi juu ya usiku huo, na naomba mlisikilize vizuri jinsi lilivyopangwa.

Mwanzo anaamshwa na kelele, anatoka nje, anatazama moto mpaka macho hayawezi tena. Kisha anasema neno lile la Ayubu mnalolijua nyote: anabariki jina la Mungu aliyetoa na kutwaa. Mtu angedhani shairi limekwisha. Si amekwisha kusema neno la imani? Tungesema Amina, tukanywa chai.

Halikwisha. Lina safari ndefu bado. Anasema kwamba mara nyingi akipita kwenye magofu yale, macho yake huenda yenyewe pale alipozoea kuketi na pale alipolala. Hapa palikuwa na sanduku. Pale palikuwa na kasha. Vitu alivyovipenda vimekuwa majivu. Anasema na nyumba kana kwamba ni mtu: chini ya dari yako hataketi mgeni tena, mezani kwako hakitaliwa chakula, hakuna hadithi itakayosimuliwa, hakuna mshumaa utakaowaka. Baada ya kuzunguka kila pembe ndipo anaukemea moyo wake: je, utajiri wako ulikuwa duniani? Na mwisho anataja nyumba nyingine juu, aliyoijenga Mungu mwenyewe, yenye vyombo vyote ndani, ambayo bei yake imekwisha kulipwa. Msikie: mjenzi, vyombo, bei. Hayo ni maneno ya mama aliyewahi kuweka nyumba, anajua meza ni kiasi gani. Mbingu yake ina milango. Na asingaliipata kama asingalipita kwanza katika majivu, akataja sanduku na kasha.

Mtu ataniambia, mwalimu, hayo ni ya Wazungu. Basi twendeni pwani yetu.

Kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, kilikuwa mji wa matajiri wa biashara, kisha vita na ugomvi vikaumaliza. Yapata miaka 200 iliyopita Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mcha Mungu wa Kiislamu wa huko, alitunga utenzi uitwao Al-Inkishafi, maana yake kufunuliwa. Una beti zaidi ya 70, na karibu wote ni mtu anasema na moyo wake mwenyewe, anauuliza kwa nini hauamki. Anaupa mifano: dunia ni bahari iliyochafuka, uhai ni taa iliyowekwa penye upepo, ni moto unaovuma kichakani halafu wingu likatanda na mvua ikauzima. Mimi sidhani Sayyid aliwahi kusikia jina la Bradstreet. Lakini tazameni anavyofanya baadaye: anauchukua moyo wake kwa mkono, anauingiza katika nyumba za matajiri wa Pate waliokwisha kufa.

Anazunguka. Hapa zilikuwa taa zinawaka, watu wamejaa, vyombo vya kigeni vimepangwa. Katika vidaka vya ukutani zilizokuwamo sahani, sasa wamelala makinda ya ndege. Bundi analia ndani ya nyumba. Popo wananing'inia juu. Hataji "mali" kwa jumla, anataja kidaka. Na anauuliza moyo, wako wapi wenye nyumba? Kutoka hapo ndipo anapoupeleka kwenye hukumu na moto, kwa ukali kuliko yule mama. (Niseme pembeni: biashara ya pwani ya siku hizo ilikuwa pia biashara ya watu, na wazee wetu wa milimani waliuogopa msafara. Sayyid anawalilia wenye nyumba. Mimi nikisoma, nawafikiria na waliobebeshwa mizigo ya kwenda kwenye nyumba hizo.)

Na kuna habari ndogo inayonichekesha. Aliyelifasiri Al-Inkishafi kwa Kiingereza, likapigwa chapa mwaka 1915, alikuwa mmisionari wa C.M.S. aliyekaa Mombasa, na jina lake ni Taylor vilevile, William Taylor. Si ndugu wa yule wa kitanda cha mfumi, nijuavyo ni majina tu. C.M.S. ndiyo iliyomtuma Wray Sagalla mwaka 1883. Kwa hiyo shairi la Mwislamu wa Pate lilibebwa na mtu wa misheni ile ile iliyokuja kwetu. Mimi naona ni sala.

Sasa nije kwa jambo langu.

Miaka michache iliyopita tembo waliingia usiku kwa mama mmoja wa kikundi chetu. Sitamtaja, na wengine hapa mnamjua. Kaunti yetu zaidi ya nusu ya ardhi iko ndani ya mbuga ya Tsavo, kwa hiyo sihitaji kuwaeleza tembo ni nini. Walimaliza mahindi, wakaangusha ghala, wakabomoa ukuta wa jikoni. Kesho yake tulikwenda kikundi kizima na unga, sukari na mchango wetu mdogo. Tukaimba. Na mimi, kwa kuwa ni mwalimu na hupenda kusema kwanza, nikasimama nikasema, "Bwana alitoa, Bwana ametwaa, jina la Bwana lihimidiwe." Wote wakaitikia Amina. Nikajiona nimefanya kazi nzuri. Hatukukaa hata nusu saa.

Yule mama hakusema neno. Mwezi uliofuata hakuja mkutanoni. Wa pili hakuja. Tukasema amekata tamaa, wengine wakasema imani yake ni ndogo, na mmoja akauliza kama atarudisha mkopo. Naona aibu kusema kwamba niliandika jina lake kwenye orodha ya wasiohudhuria, kwa wino mwekundu.

Mwisho nilimwendea peke yangu. Nikamkuta anapara mkonge. Nikaketi. Sikuwa na la kusema, kwa hiyo, namshukuru Mungu, sikusema. Baada ya muda akaweka kisu chini, akaniambia, "Njoo nikuonyeshe." Akanizungusha. Hapa palikuwa na ghala, alilijenga mume wangu kabla hajafa, alikwenda mwenyewe kukata miti. Hapa nilikuwa nimetundika mbegu za mtama alizonipa mama mkwe. Hapa mtungi. Ukutani hapa watoto walikuwa wanaandika hesabu kwa mkaa, nikawachapa, na sasa natafuta hata namba moja sioni. Tulizunguka labda saa nzima. Alilia kwenye ukuta, hakulia kwenye mahindi.

Tuliporudi kwenye mkeka, akaomba yeye, mimi nikanyamaza. Kidawida chake sitaweza kukisema sawasawa hapa. Lakini alimwambia Mungu kwamba yeye ni kikapu kilichofumuliwa na mnyama, ukingo umekwenda, mistari ya rangi imekwenda, nyuzi zimetapakaa kichakani, kilichobaki ni kitako. Akamwambia, wewe ndiwe unayejua kusuka, lakini usinianzie juu. Tena akamwuliza kama nyuzi zilizokanyagwa na tembo zinafaa kusokotwa upya, au atatafuta mkonge mwingine. Akangoja kidogo, kama anangoja jibu kweli. Mimi nilikuwa nimesoma Bradstreet chuoni nikiwa kijana, nikafanyia mtihani, nikapita. Siku ile ndipo nilipomwelewa.

Basi ndugu zangu, ombi langu kwa vikundi ni dogo, na viongozi wakikubali lianze mwezi ujao. Tukienda kumwona mtu aliyepata hasara, kabla ya wimbo na kabla ya neno, mwenye nyumba aulizwe kama anataka kutuzungusha. Akisema hapana, ni sawa. Akisema ndiyo, tumfuate, na mtu asitazame saa. Neno la Ayubu alisome yeye mwenyewe akiwa tayari, si mimi. Na katibu, kama mwenye nyumba ataruhusu, aandike maombi ya namna ile kwa Kidawida, Kisagalla au Kitaveta kama yalivyotoka, katika daftari lisilo la hesabu. Wino wowote, ila si mwekundu.

Yule mama alirudi kikundini mwezi wa tano baadaye. Mkopo wake ulikuwa umebaki shilingi 600, akalipa. Yuko hapa leo, mstari wa pili, anasuka.

Nimemaliza. Mwenye swali na aulize, halafu tuna chai.