Kazi ya Daktari wa Mgongo Haiishii Chumba cha Upasuaji



Kijana kaanguka na bodaboda, kavunjika mgongo, miguu haina habari. Ndugu wakijazana hospitalini, wote wanauliza jambo moja: atapasuliwa lini? Ni swali la haki. Lakini lipo la pili, tusilolizoea: akishalazwa, nani atamgeuza? Leo nitakueleza juu ya daktari aliyelibeba swali hilo maisha yake yote ya kazi, ilhali yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu.

Aliitwa Ludwig Guttmann, Myahudi wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1899. Mwaka 1917, yeye akiwa kijana wa kujitolea hospitalini, aliletwa mchimba makaa ya mawe aliyevunjika mgongo. Guttmann akashika kalamu aandike maelezo ya mgonjwa. Akaambiwa asijisumbue, huyo baada ya wiki chache hatakuwapo. Na kweli akafa. Lakini hakuuawa na mfupa uliovunjika. Aliuawa na maambukizi yaliyomwingia akiwa kitandani.

Kijana akasomea udaktari, akafunzwa upasuaji na bingwa Otfrid Foerster mjini Breslau, akafikia kufundisha chuo kikuu. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933 wakamfungia milango, akahamia hospitali ya Wayahudi. Novemba 1938, usiku ambao masinagogi yalichomwa moto na Wayahudi kusombwa, aliamuru kila anayebisha hodi apokewe bila maswali. Gestapo walipokuja kudai sababu, alizunguka nao kitanda kwa kitanda akimtajia kila mmoja ugonjwa wake, wa kweli au wa kubuni. Kati ya watu 64, aliwaokoa 60. Mwaka uliofuata akakimbilia Uingereza na familia yake.

Huko, tarehe 1 Februari 1944, alikabidhiwa wodi ya majeruhi wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepamba moto, na askari aliyepooza miguu alihesabiwa kuwa marehemu mtarajiwa: anafungwa hogo la plasta, anapewa dawa za kumlaza, anasubiriwa. Guttmann akayakata mahogo, akapunguza dawa, akaweka amri mbili zisizo na mjadala. Kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mpira wa mkojo uwekwe kwa usafi ule ule wa chumba cha upasuaji. Alisimamia mwenyewe, wakati mwingine usiku wa manane, na muuguzi aliyeruka zamu ya kugeuza alikiona cha moto.

Hakuna teknolojia hapo. Ni mikono, mito, sabuni na saa ya ukutani. Lakini vidonda vya kulalia vilipungua, figo zikapona, na watu waliotarajiwa kufa wakaanza kudai kazi ya kufanya. Akawapa useremala na ufundi wa saa. Kisha michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, wagonjwa 16, wanaume 14 na wanawake wawili, walishindana kulenga shabaha kwa upinde na mshale kwenye viwanja vya hospitali. Mwaka 1960 mashindano hayo yalifanyika Roma, wanamichezo 400 kutoka nchi 23. Leo tunayaita Paralimpiki.

Tuwe wakweli. Guttmann alikuwa mzito wa kupasua, na hapo elimu ya leo imempita. Siku hizi uti wa mgongo hufungwa kwa skrubu na vyuma, kazi inayofanyika hata hapa kwetu katika hospitali ya Muhimbili, na mgonjwa anayewahishwa ana nafuu kubwa kuliko anayecheleweshwa. Tunawahitaji madaktari hao, tena wengi zaidi ya tulio nao.

Ila ukweli wa Stoke Mandeville haujachakaa. Upasuaji unaweza kufanikiwa, picha ya eksirei ikapendeza, na mgonjwa akarudishwa nyumbani kwao wilayani alazwe chali kwenye godoro lililobonyea. Baada ya muda ngozi ya makalioni inaanza kubadilika rangi. Yeye hasikii maumivu, kwa hiyo halalamiki. Mama yake hakuambiwa kwamba badiliko lile la rangi ni kengele ya hatari. Hapo ndipo kazi yote ya bingwa inapotea, kwa kukosa mtu wa kumgeuza.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza kwa wanaoendesha hospitali zetu: asiruhusiwe kutoka mgonjwa wa mgongo kabla ndugu zake hawajafundishwa kwa vitendo kumgeuza, kuikagua ngozi yake na kuutunza mpira wa mkojo, tena wafanye mbele ya muuguzi hadi waweze.

La pili kwako, msikilizaji. Ukimuuguza mtu wa namna hii, pangeni zamu ndani ya familia kama mnavyopanga zamu za msibani, usiku ukiwemo. Na daktari akipita wodini, msimwulize tu atapasuliwa lini. Mwambieni awaonyeshe namna ya kumgeuza. Ni haki yenu, na kwa mgonjwa wenu ni uhai.