Jicho Hufunzwa: Mashine, Ubongo na Nyuso Zetu

(Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya kamati ya elimu katika sherehe ya Jamhuri)

 

Kila tarehe 12 Desemba tunakumbushana habari za mwaka wa 1963 na nchi tuliyotoka. Mwaka huu kamati yetu imeomba nafasi ya kuzungumza juu ya macho: jinsi binadamu anavyoona, na jinsi wataalamu wanavyojifunza habari za kuona kwa kuunda mashine inayoona. Mtashangaa kusikia kwamba mengi ya mambo haya yametendeka kwenye barabara tunazopita tukienda kazini, na kwamba nyuso za watu wetu zimo ndani yake.

Tuanzie Georgia Avenue. Wengi wetu tunaipita tukitoka Silver Spring kuingia mjini. Pale palipokuwa na hospitali ya jeshi ya Walter Reed, katika miaka ya 1950, daktari kijana aitwaye David Hubel alitengeneza sindano ya madini ya tungsten, nyembamba kiasi cha kuweza kusikiliza seli moja tu ya ubongo. Mwaka wa 1958 akahamia Baltimore, chuo cha Johns Hopkins, akaanza kazi na Torsten Wiesel kutoka Uswidi. Walimwonyesha paka vitone vyeusi na vyeupe kupitia vipande vya kioo, huku wakisikiliza seli iliyo nyuma ya ubongo wake. Seli ilikaa kimya. Halafu, walipokuwa wakitia kipande kingine cha kioo kwenye chombo, seli ikaanza kulia mfululizo kama bunduki. Kilichoiamsha hakikuwa kitone. Kilikuwa kivuli cha ukingo wa kioo, yaani mstari mmoja ulioinama upande fulani.

Hapo ndipo ilipoanza kueleweka kwamba ubongo haupokei picha nzima kama kamera. Seli zinagawana kazi. Hii inangoja mstari uliosimama, ile inangoja uliolala, na zilizo mbele yao zinaunganisha habari hizo mpaka kinapatikana kikombe, au mkono, au uso wa mama. Mwaka wa 1981 Hubel na Wiesel walipewa Tuzo ya Nobel. Hapa jirani Bethesda, kwenye taasisi za taifa za afya, Leslie Ungerleider na Mortimer Mishkin walieleza mwaka wa 1982 kwamba habari za macho zinafuata njia mbili ubongoni: moja inajibu "ni nini?", nyingine inajibu "kiko wapi?"

Sasa mashine. Mjapani Kunihiko Fukushima alisoma kazi ya Hubel na Wiesel, na mwaka wa 1980 akatoa programu iliyopangwa kwa tabaka, tabaka juu ya tabaka, kwa mfano wa ubongo. Hii ndiyo inayoitwa mitandao bandia ya neva. Jina ni kubwa kuliko kitu chenyewe. Ndani yake mna hesabu tu: vituo vidogo vinavyopokea namba kutoka tabaka la chini, vikazipima, vikazipeleka juu. Unauonyesha mtandao picha, unakisia. Ukikosea, vipimo vyake vinasogezwa kidogo. Unarudia, na kurudia tena. Mwaka wa 2012 kundi la chuo kikuu cha Toronto liliulea mtandao kwa picha zipatazo milioni 1.2, nao ukazishinda programu nyingine kwa mbali.

Watoto, sikilizeni hapa. Hakuna aliyeuambia mtandao ule utafute mistari. Lakini wataalamu walipofungua tabaka la kwanza, walikuta mistari iliyoinama huku na huku, kama ile ya paka wa Baltimore. Miaka miwili baadaye watafiti wa MIT walionyesha kwamba mtandao unaojua zaidi kutaja vitu ndio unaokisia vizuri zaidi jinsi seli za ubongo wa nyani zitakavyojibu.

Faida yake ni nini? Mtoto wa binadamu huwezi kumlea mara kumi, kila mara katika nyumba tofauti, ili uone malezi gani yanaleta macho gani. Mtandao unaweza. Unaulea hivi, unaulea vile, kisha unalinganisha.

Tusidhani kwamba vitu hivi viwili ni kimoja, lakini. Watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walitengeneza picha ya paka aliyevikwa ngozi ya ndovu. Mtu yeyote hapa, hata wa miaka minne, atasema ni paka. Mitandao mingi ilisema ni ndovu. Sisi tunafuata umbo, yenyewe ilifuata ngozi. Walipoilea upya kwa picha ambazo ngozi imevurugwa na umbo limebaki, ikaanza kufuata umbo.

Tufike sasa kwenye nyuso, maana ndipo jambo linapotugusa.

Inajulikana tangu zamani kwamba mtu hutambua vizuri zaidi nyuso za aina aliyokua nazo. Uingereza, mwaka wa 2007, ilionekana kwamba watoto wa Kizungu wa miezi mitatu hutofautisha nyuso za watu wa asili zote, lakini wakifika miezi tisa wanabaki na zile za watu wao. Na Ufaransa walipimwa watu wazima waliozaliwa Korea wakachukuliwa na familia za Kifaransa wakiwa wadogo. Waliwatambua Wazungu vizuri kuliko Waasia, kama Wafaransa wenyewe. Damu ilikuwa ya Korea, macho yalikuwa ya Ufaransa.

Mwaka wa 2023 Katharina Dobs, Nancy Kanwisher na wenzao walifanya jaribio hilohilo kwa mitandao. Uliolelewa kwa nyuso nyingi za Wazungu ulilegea kwa nyuso za Waasia. Uliolelewa kwa nyuso za Waasia ulifanya kinyume. Kwa hiyo ugumu huu si chuki iliyojificha ndani ya jicho, wala si kasoro ya ubongo. Hata hesabu tupu huupata ikilishwa chakula cha aina moja.

Kwa maoni yetu, wazazi wengine wanawalaumu bure watoto waliozaliwa huku kwa kuwachanganya binamu zao kwenye simu. Mtoto huyo hana dharau. Hajaziona nyuso hizo vya kutosha, na likizo moja ya shule kijijini inafanya kazi kuliko karipio.

Mashine ikikosea, lakini, haikosei mezani kwa nyanya. Inakosea mpakani. Gaithersburg, mwendo mfupi kutoka hapa, ipo NIST, taasisi ya taifa ya viwango. Desemba 2019 ilitoa ripoti juu ya programu 189 za kutambua nyuso, zilizopimwa kwa picha zaidi ya milioni 18 za watu zaidi ya milioni 8. Picha zilitoka kwenye kumbukumbu za serikali: maombi ya viza, maombi ya uhamiaji, vituo vya mpakani na polisi. Kenya ni mojawapo ya nchi zilizohesabiwa, pamoja na Ethiopia na Somalia. Ile picha yenye ukuta mweupe nyuma, isiyoruhusu kutabasamu, ndiyo aina ya picha tunayoizungumzia.

Programu nyingi zilisema watu wawili tofauti ni mtu mmoja, na kosa hilo lilikuwa juu zaidi kwa nyuso za Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Asia ya Mashariki, na chini zaidi kwa za Ulaya ya Mashariki. Mara nyingi tofauti ilikuwa ya mara 10 hadi 100. Lakini baadhi ya programu zilizotengenezwa China hazikuwa na tatizo hilo kwa nyuso za Asia ya Mashariki. NIST haikudai kwamba imethibitisha sababu, ila ilisema huenda inahusu picha zilizotumika kufunza. Programu zilizo bora kabisa zilikuwa na tofauti ndogo, jambo linaloonyesha kwamba kosa hili linaweza kupunguzwa.

Jonathon Phillips wa NIST na wenzake walikuwa wametoa matokeo mengine mwaka wa 2018. Waliwapima wataalamu wa kulinganisha nyuso, na programu pia. Majibu ya mtaalamu mmoja yakiunganishwa na ya programu bora yalishinda majibu ya wataalamu wawili pamoja. Mtu na mashine hawakosei mahali pamoja.

Basi mkisafiri likizo hii, jueni kwamba kwenye ukaguzi wa TSA picha ya uso ni hiari. Mwambie afisa kwa upole, kabla hujasimama mbele ya kamera, kwamba ungependa akikague kitambulisho chako kwa macho yake.