Kontena Linaporudi na Chakula: Kumsaidia Mtoto Ale Alichofungiwa Nyumbani

Mada kwa semina ya wazazi na walimu wa shule za msingi, Dar es Salaam



1. Utangulizi

Mzazi anaamka alfajiri, anapika, anafunga. Jioni kontena linarudi na nusu ya chakula, na lawama zote anabebeshwa mtoto: anachagua chakula. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi chakula hicho hakikufaa kuliwa pale, saa ile, kwa muda ule.

2. Kwa nini chakula kinarudi

Kwanza, joto. Chakula kilichofungwa saa 11 alfajiri huliwa saa 4 au baadaye. Chipsi zimeshalegea, na chapati iliyofunikwa ikiwa ya moto imelowa jasho lake. Yai nalo, likifunguliwa, harufu yake inawafanya wanafunzi wengine wazibe pua. Mtoto anafunika haraka.

Pili, chombo. Mfuniko unaomshinda mtoto wa miaka 6 humlia muda wote wa mapumziko.

Tatu, mchezo. Samaki mwenye miba au chungwa lisilomenywa haliwezi kushindana na mpira uwanjani.

Nne, vitamu. Mtoto akianza na juisi ya pakiti na biskuti, njaa imekwisha. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa na ile ya juisi isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku.

3. Usalama

Bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi joto 5 na 60. Wali uliolala mezani usifungwe hata ukipashwa, kwa sababu sumu ya bakteria aina ya Bacillus cereus haiondolewi na moto wa kupasha. Anayetumia hotipoti aisuuze kwanza kwa maji yanayochemka, kisha ajaze chakula kikiwa moto kabisa. Asiye nayo afunge vyakula visivyohitaji kuwekwa vya moto, kama karanga na ndizi mbivu.

4. Mapendekezo kwa wazazi

(a) Jaribuni nyumbani. Siku ya mapumziko, mtoto afungue kontena mwenyewe na ale kwa dakika 15. Mtaona anapokwama.

(b) Mzazi aamue aina ya chakula. Mtoto aamue kiasi. Huu ndio msingi wa mafundisho ya Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani. Mwulize: "Leo viazi vingi au vichache?"

(c) Chakula kigeni kisianzie shuleni. Mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali, na mahali pa kuonjea ni mezani nyumbani.

(d) Kilichorudi kichunguzwe, mtoto asigombezwe. Uliza, "Kipi kilikuwa kigumu kula?" Mtoto anayechapwa kwa sababu ya mabaki hujifunza kuyamwaga njiani, na hapo mzazi hupoteza taarifa aliyoihitaji.

Anayekataa chakula hata nyumbani, au anayepungua uzito, apelekwe kituo cha afya.

5. Hitimisho

Jitihada za jikoni zitapotea iwapo kengele ya mapumziko ni ruhusa ya kukimbilia uwanjani. Naomba semina ijadili pendekezo moja kwa walimu: watoto wa madarasa ya chini wanawe mikono, wakae na kula kwa dakika 15, ndipo milango ifunguliwe wakacheze.