Kuzisoma Hesabu za Chama cha Kahawa

Mwenye penseli na karatasi aviweke karibu, maana leo tutagawanya namba.

Katika somo lililopita tuliitazama mizania, yaani karatasi inayoonyesha mali na madeni ya chama katika siku moja. Leo twauliza hivi: mwanachama aliyetoka kihambani kwake, Machame au Marangu, akapewa karatasi hiyo katika mkutano mkuu, aisome vipi kabla ya kunyoosha mkono kuipitisha?

Jambo hili si geni Kilimanjaro. Wakulima waliunda chama chao cha kwanza cha kahawa mwaka 1925, na KNCU ikaandikishwa mwaka 1933. Chuo cha Ushirika cha Moshi, ambacho sasa ni chuo kikuu, kilianza kufundisha mwaka 1963. Lakini haifai karani peke yake ndiye ajue kusoma hesabu. Kahawa ni ya wanachama.

Haya, tutunge chama cha mfano. Tarehe 31 Desemba ghalani mna kahawa ya shilingi milioni 60, fedha taslimu milioni 6, na wadaiwa milioni 4. Jumla milioni 70. Madeni yanayopaswa kulipwa karibuni ni milioni 50, nayo mengi ni ya benki, kwani chama kilikopa ili kiwape wakulima malipo ya awali. Gawanya 70 kwa 50. Unapata 1.4. Maana yake, kwa kila shilingi moja ya deni, chama kina shilingi moja na senti 40. Kugawanya hivi ndiko kutafuta uwiano.

Sasa iondoe kahawa, kwa sababu haijauzwa. Zabaki milioni 10 kwa deni la milioni 50: senti 20 tu kwa kila shilingi! Bei ya mnadani ndiyo itakayosema kama kahawa ile ni milioni 60 kweli. Mwezi Julai 1989 mpango wa dunia wa kugawana mauzo ya kahawa ulivunjika, bei ikaanguka. Aliyekuwa na shehena ghalani alibaki na magunia yaleyale, lakini thamani ilikwisha kupungua.

Tazama chama kilekile tarehe 30 Juni. Kahawa imeuzwa, benki imelipwa. Fedha na wadaiwa ni milioni 30, madeni milioni 10. Uwiano ni 3. Je, chama kimepata nguvu? Hasha. 70 ukitoa 50 ni 20, na 30 ukitoa 10 ni 20 vilevile. Kilichobadilika ni msimu. Kwa hiyo usilinganishe Desemba ya chama chako na Juni ya jirani.

Hata miaka ya chama kimoja hailingani sawasawa. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwamo, ikarudi katika miaka ya 1980. Tena shilingi ya jana si ya leo.

Sasa nifike penye hatari zaidi. Vyama viwili vimeuza kahawa ya milioni 100 kila kimoja, na gharama zao ni milioni 18 sawasawa. Cha kwanza kimewalipa wakulima milioni 70, ziada 12. Cha pili kimewalipa 78, ziada 4. Kwa uwiano wa ziada, cha kwanza ni mara tatu bora, na mwenyekiti wake atapigiwa makofi. Lakini zile milioni 8 zimetoka wapi? Zimetoka katika bei ya wanachama wenyewe! Katika kampuni mwenye hisa hufurahia faida. Katika ushirika anayeleta kahawa ndiye mwenye chama. Sisemi cha pili ndicho bora. Pengine paa la ghala lake linavuja na akiba haipo. Ulizeni ziada ile itafanya kazi gani, na kama itarudi kwenu katika malipo ya pili.

Kwa juma lijalo fanyeni hesabu hii. Chama chetu cha Juni kinalipa madeni ya milioni 5 kwa fedha taslimu, siku moja kabla ya kufunga vitabu. Uwiano utakuwa kiasi gani? Je, kimetajirika? Kwaherini.