Hotuba Juu ya Dawa ya Amoksilini



Neno langu la leo ni fupi, nalo ni kukiri kosa. Katika mtoto wa meza yangu ofisini palikuwa na vidonge vya amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, nilivyoviacha siku ya tatu nilipoona nafuu. Karani mwenzangu alipopata mafua, nalimpa. Punde uso ukamvimba, akahema kwa shida. Tulimkimbiza hospitali, na kwa rehema za Mungu akapona.

Nalikosa mara tatu. Kwanza, nalikatiza dawa kwa shauri langu. Alexander Fleming, aliyeivumbua penisilini mjini London mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba dawa isiyotosha kipimo huwapa vijidudu uwezo wa kuistahimili. Pili, mafua huletwa na virusi, na dawa hii huua bakteria tu. Tatu, sikumwuliza mwenzangu kama imepata kumdhuru. Maana wako watu ambao miili yao huikataa, wakatoka upele, wakavimba, hata wakakosa pumzi.

Basi, waungwana, sisi tumezoea kutimiza waraka wa Serikali neno kwa neno. Cheti cha daktari nacho tukitimize vivyo hivyo: kipimo chake, saa zake na siku zake. Asiyeona nafuu, au atakayeona dhara, arudi upesi kwa daktari. Na vidonge vya mgonjwa mmoja si mali ya shirika.