Mlango wa Maarifa Ufunguliwe
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema machache juu ya jambo liwahusulo watoto wetu wote, yaani maarifa yaliyoandikwa, na ni nani apate kuyasoma.

Wengi wenu mwaijua maktaba ya McMillan iliyoko Nairobi. Ilifunguliwa mwaka 1931, lakini kwa miaka mingi Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kuketi humo akasoma. Baadaye sana ndipo ilipokuwa ya watu wote. Vitabu havikupungua kwa sababu wasomaji wameongezeka.

Siku hizi hapana bawabu amzuiaye mtu kwa rangi yake, lakini liko zuio la bei. Makala nyingi za wataalamu hufungiwa katika intaneti, na asiyelipa haoni ila muhtasari. Nao utafiti mwingi umelipiwa kwa fedha za kodi!

Msidhani hasara yake ni ndogo. Mwaka 1982 wataalamu wa Ulaya walichapisha makala iliyosema kwamba Liberia yapasa kuhesabiwa katika eneo la virusi vya Ebola. Maradhi hayo yalipozuka huko mwaka 2014, wakuu wa afya wa nchi hiyo hawakuwa na habari ya onyo lile. Mwaka 2015 waliandika katika gazeti la New York Times kwamba kupata makala moja ya namna hiyo kungemgharimu daktari wa kwao dola 45, karibu mshahara wa nusu wiki. Waliberia zaidi ya 4,800 walikuwa wamekufa. Sisemi kwamba makala ile peke yake ingaliwaokoa. Nasema aliyeonywa hujiandaa.

Wako waliosimama kulirekebisha jambo hili. Brazil ilianzisha SciELO mwaka 1998, ambamo majarida ya Amerika ya Kusini husomwa bila malipo. Mwaka 2002 lilitolewa tamko la Budapest, likitaka makala za utafiti zisomwe na kugawiwa bure. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani na wachapishaji walianzisha Hinari, ili vyuo na hospitali za nchi maskini zipate majarida ya utabibu bure au kwa bei nafuu.

Hata hivyo kazi haijaisha. Majarida mengine yamemwondolea msomaji malipo yakamtwika mwandishi, naye pengine hudaiwa zaidi ya dola 1,000 kwa makala moja. Hivyo mtaalamu wetu asiye na mfadhili aweza kusoma, lakini hawezi kusikika. Tena mengi yameandikwa kwa Kiingereza, na watoto wengi wa vijijini hawana chombo cha kuyasomea.

Basi chama chetu kinalo la kufanya. Chumba cha kusomea chenye meza, taa na kompyuta si mzigo usiobebeka tukichanga. Walimu wawafundishe vijana kuyatafuta yaliyo bure na kuyapima kama ni ya kweli. Na wana wetu walioko vyuoni waandike, waandike na kwa Kiswahili, na wasiyafungie wayaandikayo.

Aombaye kaa la moto kwa jirani hampunguzii jirani moto wake. Na wazee walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kila mmoja wetu na alete kinga chake.