CHIFU SI KABILA

Mazungumzo na kamati za Haki na Amani, Homa Bay na Migori



Ndugu zangu, swali ninaloulizwa sana vijijini ni hili: tukisema barazani kwamba mbegu za msaada zimeliwa, si tutashikwa kwa uchochezi? Mama mmoja aliniambia, "Mimi nimeamua kunyamaza."

Hebu tuangalie sheria yenyewe. Ilitungwa 2008, baada ya zile ghasia za uchaguzi zilizoua watu zaidi ya 1,100. Inaitwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Sehemu ya 13 inakataza vitisho na matusi yenye nia ya kuchochea chuki ya kikabila, au ambayo, kwa hali ilivyo, yanaweza kuichochea. Faini ni hadi shilingi milioni moja, au jela hadi miaka 3, au yote mawili. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inatupa uhuru wa kusema, na papo hapo inautoa uchochezi na matamshi ya chuki nje ya uhuru huo.

Sasa, chifu si kabila. Mwanablogu Robert Alai alishtakiwa 2014 kwa maneno aliyoandika juu ya Rais. Aprili 2017 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akakifuta kile kifungu cha kudharau mamlaka ya mtumishi wa umma, kwa kuwa kilipingana na Katiba. Februari mwaka huohuo Jaji John Mativo alikuwa amefuta kosa la jinai la kukashifu. Aliyechafuliwa jina bado anaweza kudai fidia kortini, kwa hiyo hiyo habari ya mbegu semeni mkiwa na hakika nayo.

Lakini kusema "kabila fulani watoke sokoni", hapa Migori ambapo Mjaluo, Mkuria, Mkisii na Msomali wanauza bega kwa bega, tena wiki ya kura! Hapo korti itauliza ulisema wapi, lini, mbele ya nani. Juni 2016 wanasiasa wa pande zote mbili, mmoja wao mbunge wa kutoka Migori, walilala seli za Pangani kwa tuhuma kama hizo.

Mtaniambia wakubwa huachiliwa. Ni kweli, kesi kadhaa zimeanguka kwa kukosa ushahidi. Na sisi tunachangia: tunafika polisi na neno moja tu, "alitutukana." Andikeni maneno yenyewe, kwa Kidholuo au Kikuria kama yalivyotamkwa, msitafsiri. Wekeni tarehe, mahali, na waliosikia. Daftari likae kwa katibu wa kamati.